Paa la jengo la zamani mjini Moshi linavuja, nianzie wapi?

kibosho_boy: Wakuu, fremu ya duka ya mzee hapa mjini ni ya zamani, masika ikianza tu maji yanatiririka ukutani, fundi anasema nipake lami juu ya bati yaishe. Kweli?

fundi_mabati: Lami utarudia tu mkuu. Haya majengo ukuta umepanda kupita paa na gata (mfereji wa maji ya paa) iko kwa ndani, ikijaa majani maji yanarudi darini. Kagua hapo kwanza, na misumari.

mchaga_ughaibuni: Huku Minnesota, Marekani, joto la ndani linayeyusha theluji juu ya paa, maji yakifika ukingoni yanaganda, yanayofuata yanakosa njia yanapenya ndani. Wanazuia joto lisipande darini, na lami haisaidii kitu.

kibosho_boy: Duh, gata hata sijaiangalia. Ngazi naazima wapi?