Baraza la ardhi wakosee wao halafu kesi nianze upya mimi?? Hapana kwa kweli

Wakuu nina hasira. Kesi ya shamba la marehemu baba, baraza la kata likashindwa kutupatanisha (tangu 2021 hawaamui tena wanapatanisha tu), tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya tukashinda, jamaa akakata rufaa Mahakama Kuu, na juzi jaji kafuta kila kitu. Na si kwamba kaona shamba si letu, shamba hata hakuligusa! Kisa ni kwamba maoni ya wazee wa baraza (wale wanaokaa na mwenyekiti kumshauri) hayakusomwa mbele yetu kabla mwenyekiti hajaandika hukumu. Faili lirudi wilayani lisikilizwe upya, mwenyekiti mwingine, wazee wengine.

Sasa kazi ya kuhakikisha maoni yanasomwa ni ya nani, ya mama yangu mjane?? Mahakama ya Rufani ilishalisema hili Mbeya mwaka 2018, maoni yaandikwe na yasomwe wadaawa (pande zote za kesi) wakiwepo, sasa mwenyekiti aliyesomea sheria na analipwa mshahara anakosaje kujua? Na kifungu cha 45 cha sheria yenyewe ya mahakama za ardhi kinasema hukumu isitenguliwe kwa kasoro ya utaratibu kama haki haijapotea, ila wakili anasema kwa suala la wazee hakisaidii kitu.

Kinachoniuma zaidi ni gharama. Jaji kaandika kila upande ubebe gharama zake kwa vile kosa ni la baraza. Yaani baraza limekosea na halilipi hata senti, mwenyekiti yupo ofisini anaendelea na kesi za watu wengine, sisi tulishauza ng'ombe kumlipa wakili. Ila wewe mwananchi chelewesha rufaa yako, pitisha zile siku 45 kwa siku moja tu uone, utaambiwa uombe kuongezewa muda na ueleze ulikuwa wapi, siku kwa siku.

Halafu yule mzee jirani aliyepanda minyaa ya mpakani na baba, ndiye shahidi wetu mkubwa, amefariki wakati rufaa ipo Mahakama Kuu. Wanasheria mliopo naombeni jibu la uhakika: ushahidi aliotoa kule mwanzo unaweza kupokelewa kwenye hii kesi mpya, au nao umefutwa pamoja na mwenendo wote (kumbukumbu za kesi ya mwanzo)?