Tupeane uzoefu: siku tamthilia ya kigeni ilipoanza kuzungumza Kiswahili nyumbani kwenu

Salaam kwenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Juzi nilimkuta mpangaji mwenzangu akitazama marudio ya "Sultan", ile tamthilia ya Kituruki ya maisha ya Sultani Suleiman na watu wa kasri lake, iliyoonyeshwa na Azam TV ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, nikasimama mlangoni na sufuria mkononi mpaka ugali ukapoa. Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga, nikaona tuulizane: ilikuwaje kwenu?

Nianze mimi. Nilipokuwa darasa la sita, "Isidingo" ilipokuwa ikirushwa na ITV, mkalimani wa nyumba nzima nilikuwa mimi, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilichokielewa nilikitafsiri, na nisichokielewa nilikibuni, hata ikafika mahali bibi akawa anafuatilia hadithi ambayo Afrika Kusini hawakuitunga. Watu wakikumbatiana nilisema wanapeana pole ya msiba. Jirani mmoja mwalimu alipokuja kutazama nasi, uongo wangu ulifichuka kwa usiku mmoja, nami nikanyimwa andazi asubuhi yake.

"Sultan" ilipokuja, bibi hakunihitaji tena. Alikaa mkekani na tasbihi yake, akamjibu Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa sultani, ana kwa ana, kwa sauti, kana kwamba yupo barazani. Nilikwisha kusoma kwamba Ibrahim aliuawa mwaka 1536 kwa amri ya sultani yuleyule aliyekuwa rafiki yake, lakini sikuthubutu kumwambia. Usiku wa tukio hilo alisusa chai. Kisha Meryem Uzerli, aliyeigiza Hürrem, mke wa sultani, akaondoka, na katika msimu wa mwisho nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin, na bibi akakataa katakata: "Huyu simjui, mwenyewe wamempeleka wapi?" Ilinichukua wiki nzima kumweleza kwamba waigizaji nao hubadilisha ajira.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, mimi nilianza na sauti za Kiswahili, kisha kwa ukaidi nikaitafuta ileile kwa Kituruki chenyewe, na kilichonishangaza ni maneno niliyoyatambua bila kufundishwa: haber, vakit, dünya, sabır, kitap. Kiarabu kiliwapitia wao na sisi. Kitu kimoja kilinichanganya, nacho ni cheo: kwa Waturuki, Sultan likifuata jina la mwanamke, kama Hürrem Sultan au Mihrimah Sultan, ni heshima ya watu wa nyumba ya kifalme, ilhali sikio la Mswahili likisikia sultani humtafuta mwanamume mwenye kilemba. Mama yangu aliuliza, "Nyumba moja ina masultani wangapi?"

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nawaheshimu, lakini sauti hizi za studio hazinigusi. Mimi nimelelewa na kibanda umiza, benchi la mbao, jasho, na kanda ya VHS yenye sauti ya Lufufu, yule aliyetusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Huyo hakuwa akitafsiri tu. Aliingia ndani ya sinema. Alimweleza stelingi hatari iliyo nyuma ya mlango na kutufafanulia tabia za adui, na Wakenya wanaomfahamu DJ Afro wataelewa ninachokisema. Tamthilia ya sasa imenyooka mno, kila mtu anazungumza kama anayesoma taarifa ya habari, hata mlevi wa sokoni.

Mchangiaji aliyewahi kuingiza sauti

Naomba nimjibu aliyetangulia, kwa kuwa nilifanya usaili wa kazi hiyo katika studio moja ambayo sitaitaja. Unavaa vipokea sauti, sikio linasikia Kituruki, macho yanasoma Kiswahili, na mdomo wa mtu wa kwenye kioo haukusubiri. Mtafsiri alikuwa ameandika, "Sijawahi kukusaliti hata siku moja," na nilipofika "kukusaliti" mhusika alikuwa amekwisha kufunga kinywa na kugeuka. Tukakata mpaka ikabaki "Sikukusaliti." Maneno yetu ni marefu, basi mara nyingi anachokiita mwenzetu kunyooka ni matokeo ya kukimbizana na midomo ya watu. Kuhusu mlevi, hapo nakubali, angeachiwa lugha ya mtaani. Mimi walinikataa kwa sababu ya kilio. Kila nilipolia walisikia kicheko.

Mchangiaji wa Morogoro

Mnawasahau Wachina. Mwaka 2011 TBC ilionyesha "Doudou na Mama Wakwe Zake" kwa Kiswahili, nami nilikuwa mke mpya, ninaishi kwa wakwe. Ilikuwa tabu na raha kukaa sebule moja na mama mkwe mnatazama mke wa Kichina akihangaika na mama wakwe. Hakuna aliyecheka wa kwanza. Jioni moja Doudou alijibiwa vibaya, mama akakohoa na kusema, "Huyo mama naye amezidi," kisha akanisogezea sahani ya karanga. Rais Xi Jinping alipoitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013, mama alinipigia simu kazini kunipa habari, na tangu nihamie nyumbani kwake hiyo ndiyo ilikuwa simu yake ya kwanza isiyohusu mboga.

Mleta mada

Nawashukuru, endeleeni. Niongeze moja tu. Mwanamfalme Mustafa aliponyongwa kwa amri ya baba yake, jambo lililotokea kweli mwaka 1553, bibi aliniuliza kama kaburi lake linajulikana. Nikamwambia lipo Bursa, na watu hulizuru. Akazima televisheni, akafunika kichwa vizuri, akasema, "Basi kaa hapa, mjukuu wangu, tumsomee Fatiha."