Mjadala: Barabara na mabomba ya Nairobi yamechakaa, nani alipe?

Mleta mada

Katika mtaa ninaoishi huku Eastlands, kuna barabara fupi ya ndani iliyotiwa lami mpya mwaka juzi. Haikumaliza miezi mitatu kabla ya kuchimbwa, kwa kuwa bomba la maji lililo chini yake lilipasuka mahali pawili. Nilisimama ukingoni mwa shimo nikaona bomba la chuma lililoliwa na kutu, limefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na chini ya vipande hivyo kulikuwa na vingine vikuukuu zaidi, vilivyoachwa na mafundi waliotangulia. Mafundi wa safari hii waliongeza tyubu yao, wakafukia kwa changarawe na kuondoka. Tulilipia lami, tukalipia kuikata, na bomba ni lile lile.

Hoja yangu ni kwamba Kaunti ya Nairobi itoze kodi ya ardhi kwa kuangalia pia mzigo ambao jengo linautwika mabomba, mitaro ya majitaka na barabara, na fedha hizo zitengwe kwa matengenezo tu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 209, inairuhusu kaunti kutoza kodi ya mali, na Jedwali la Nne linaikabidhi barabara za kaunti pamoja na huduma za maji na usafi. Kwa miongo mingi kodi hiyo ilikadiriwa kwa orodha ya thamani za viwanja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Kilimani ilikuwa bado mtaa wa nyumba za chini zenye bustani. Sasa kiwango ni asilimia 0.115 ya thamani ya leo ya ardhi, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake.

Tuchukue kiwanja cha shilingi milioni 100. Kodi yake ni shilingi 115,000 kwa mwaka. Kikiwa na nyumba ya familia moja, familia hiyo italipa zote. Kikiwa na jengo la ghorofa lenye nyumba 80, kodi haibadiliki, yaani kila nyumba inachangia chini ya shilingi 1,500 kwa mwaka. Mtaro wa majitaka unaopita mbele ya viwanja hivyo ni mmoja, ulichimbwa zamani kwa ajili ya nyumba za aina ya kwanza, na ndio unaofurika barabarani kila mvua inaponyesha.

Mwenye ploti, Umoja

Ndugu, hesabu yako ni safi, lakini umesahau kwamba mwenye jengo hatoi pesa mfukoni mwake. Ukiniongezea kodi nitamwongezea mpangaji, nami sisemi hivyo kwa ubaya, kwani benki iliyonikopesha haitangoja. Pili, huduma unayotaka niilipie zaidi siipati. Maji ya mfereji hufika kwangu siku mbili kwa juma kulingana na mgao, na mara nyingine hayafiki, kwa hiyo nimechimba kisima kwa gharama yangu na wakati wa kiangazi naagiza maji ya lori.

Kabla ya kunibana mimi, kaunti iwabane wadeni wake wakubwa. Ardhi ya Serikali Kuu inapaswa kulipiwa mchango badala ya kodi, na deni hilo limekuwa likirundikana miaka na miaka. Sote tunakumbuka Februari 2025, kaunti na kampuni ya umeme zilipokuwa zikidaiana, umeme ukakatwa katika ofisi za kaunti, kisha malori yakamwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni hiyo ya umeme. Ikiwa taasisi za umma zinadaiana namna hiyo, mimi mwenye ploti moja nitadai haki yangu kwa njia gani?

Mhudumu wa matatu

Kuhusu barabara naomba kuongeza jambo moja. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18 za awali. Pesa zimeshalipwa. Kinachogombaniwa ni nani azishike, na ndiyo maana wabunge na magavana walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 hadi wakafika mahakamani. Sisi tunaopita kwenye mashimo hatujui shimo lipi ni la kaunti, lipi ni la KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na lipi ni la KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na gari halibagui. Msituongezee kodi nyingine kabla ya hiyo kuonekana.

Fundi wa maji, mstaafu

Nimefanya kazi ya mabomba katika jiji hili zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha maneno.

Kila Nairobi inapoona kiu, hutafuta maji mbali zaidi. Ilianza na chemchemi za Kikuyu, ikaenda Ruiru, ikafuata Sasumua katika miaka ya 1950, kisha Ndakaini, bwawa la mita za ujazo milioni 70 lililokamilika mwaka 1994, na juzijuzi tumetoboa handaki la karibu kilomita 12 huko Murang'a. Kazi hizo hupata mikopo kwa sababu zina mwanzo, mwisho na siku ya uzinduzi. Kubadilisha bomba la inchi tatu katika kichochoro cha Kaloleni hakuna siku ya uzinduzi, na sijawahi kuona mgeni rasmi akikata utepe mbele ya valvu. Matokeo yake ni kwamba karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya jiji hayalipiwi: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zilizokufa.

Tena mgao wenyewe unaharibu mabomba, jambo ambalo wengi hawalijui. Maji yakifungwa, bomba hubaki na hewa, na kama lina ufa linavuta uchafu wa mtaroni. Yakifunguliwa, hewa na maji hugongana kwa nguvu na kiungo dhaifu hupasuka. Ndiyo maana simu za kuvuja kwa mabomba huwa nyingi siku ya kufunguliwa maji.

Mleta mada, hoja yako ina tatizo moja la kisheria na kihesabu. Kodi ya ardhi huingia katika mfuko mkuu wa kaunti, ilhali kampuni ya maji huishi kwa ankara zinazopangwa chini ya usimamizi wa mdhibiti wa huduma za maji. Mifuko ni miwili. Ukiongeza kodi bila kujenga daraja kati ya mifuko hiyo, pesa zitalipa mishahara na madeni ya wakandarasi, na mabomba yataendelea kufungwa tyubu. Kukopa nako si rahisi, kwa sababu Kifungu cha 212 kinadai idhini ya bunge la kaunti na dhamana ya Serikali Kuu.

Mpangaji, mtaa wa Pipeline

Mimi sina mita wala ankara. Nanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na maji yakiadimika unafika 50. Lita 1,000 kwa bei ya chini kabisa ni shilingi 1,000. Mnapojadili kama mpangaji ataweza kulipa, mjue analipa sasa hivi, kwa mwenye mkokoteni.

Mleta mada

Dada wa Pipeline amenisaidia kumjibu mwenye ploti. Tuseme kodi ya lile jengo la nyumba 80 iongezwe mara tatu, ifike shilingi 345,000, na mpangaji atwishwe yote: ni takribani shilingi 360 kwa mwezi kwa kila nyumba, yaani bei ya mitungi 18. Kama maji yatatoka mferejini, atakuwa amepata nafuu. Kama hayatatoka, atakuwa ameibiwa, na hapo nakubali kwamba mwenye ploti ana haki ya kukataa.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo. Kodi isiongezwe mwaka wa kwanza. Kaunti itoe sehemu maalumu ya kodi inayokusanywa leo, iwe mtaji kwa kampuni ya maji, ambayo ni mali yake, na bunge la kaunti liidhinishe sehemu hiyo kwa jina la mtaa na urefu wa bomba. Mtaa ambao upotevu wa maji umepungua, na vipimo vikaonyesha hivyo, ndio utozwe kwa mzigo wa jengo. Kuhusu ushuru wa mafuta, namuunga mkono mhudumu wa matatu bila nyongeza. Swali langu ni kwa mzee wetu fundi: upotevu wa mtaa mmoja unapimwaje?

Fundi wa maji, mstaafu

Unachagua mtaa wenye bomba moja la kuingilia, unafunga mita kubwa pale mlangoni, kisha unalinganisha na jumla ya mita za nyumba. Pima saa nane usiku, watu wakiwa wamelala; maji yanayopita saa hiyo, ukiondoa ya matangi yanayojaa, mengi ni ya kuvuja. Mtaa wako wa Eastlands unafaa kwa kuanzia. Ila wasiitie lami ile barabara hadi bomba libadilishwe.