Siwezi kusali tangu kibanda kiungue. Niache jumuiya ya kanisa kwa muda?

Mama_Jinzi: Hamjambo wapendwa. Nauza jinzi za mtumba soko la Gikomba, Nairobi, nina watoto wawili, naishi Huruma. Kibanda changu kiliungua mwezi wa tatu. Tangu hapo nikipiga magoti naanza Baba Yetu vizuri, nikifika kwenye mkate wa kila siku koo linafunga. Alhamisi hii ni zamu ya jumuiya kusali kwangu. Je, ni dhambi nikiwaambia nimesafiri, nipumzike miezi michache? Silali jamani.

Baba_Tai: Pole sana mama. Soma Zaburi ya 88. Yule mtu analia mwanzo hadi mwisho, zaburi inaishia gizani, na bado ni sala. Usitafute maneno matamu.

Kayole_Damu: Mimi moto wa Gikomba wa Juni 2018, ule ulioua watu, ulinimaliza kabisa. Nilianza upya na pea sita za soksi juu ya gunia. Soksi hizo zimesomesha kijana hadi kidato cha nne. Sasa hataki hata kusikia kanisa. Inaniuma kuliko ule moto.

Shemasi_Mtaani: Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika. Alhamisi fungua mlango, chemsha chai. Basi.

Swali_Moja: Dada, kilichoungua ni kibanda. Jumuiya imekukosea nini? Kuna kitu hujasema.

Mama_Jinzi: Sawa. Mimi ndiye mweka hazina. Nilikuwa nimeshika 18,600 za mchango wa paa la kanisa, nikanunulia beli. Ningefanya nini? Kodi ilikuwa imefika, watoto wako shule, na paa lenyewe halivuji sana. Nimekopa, sikuiba. 4,000 nimesharudisha. Nikikaa nyumbani kwa mama hadi Agosti zitakuwa zimetimia, na hakuna atakayeumia.

Swali_Moja: Uliowakopa wanajua?

Macho_Manne: Amkeni nyinyi! Moto, watoto, kanisa, kesho mtawekewa namba ya M-Pesa. Mwezi uliopita uzi kama huu uliwala watu pesa. Kama kweli unauza mtumba, niambie beli inafunguliwaje.

Mama_Jinzi: Sitaki shilingi ya mtu. Unakata zile kamba za plastiki kwa kisu ukiwa umesimama kando, maana zikikatika zinaruka usoni. Kamera, yaani zile safi za daraja la kwanza, unazitenga kwanza, zilizochakaa unarusha chini za bei ya kutupa. Baada ya moto nilikuta zipu na vifungo vimeshikana kama donge la ugali. Donge hilo ninalo, liko kwenye mkebe chini ya kitanda. Ndugu yangu, hadithi ya kutunga nisingejipa aibu hii.

Macho_Manne: Ya kamba ni kweli. Nisamehe, mama.

Kayole_Damu: Kamera moja siku hizi unauza ngapi?

Shemasi_Mtaani: Kayole, tafadhali.

Baba_Tai: Mama, Zakayo alisimama akasema atarudisha mara nne, na siku hiyo Bwana alikuwa mgeni nyumbani kwake. Hakusafiri. Alhamisi wageni wanakuja kwako. Mwambie mwenyekiti kabla, peke yenu, kisha ukifika wakati weka kile kitabu cha michango mezani na hizo 4,000.

Mama_Jinzi: Niliwaambia nakwama kwenye mkate. Siyo hapo. Nakwama kwenye mstari unaofuata, pale pa kusamehewa. Nampigia mwenyekiti sasa hivi. Simu inaita, hashiki. Narudia.