YAH: Binti anataka udaktari baada ya digrii ya kwanza, ofisi zinanizungusha

Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleykum wanajumuiya, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka maana maombi ya chuo ya udaktari kupitia UCAS yanafungwa tarehe 15 Oktoba.

Nasra yuko mwaka wa 3, Bayomedikali. Akimaliza anataka A101, ile kozi ya udaktari ya miaka 4 kwa wenye digrii. Alikuja hapa ana miaka 8 na mpaka leo tuko kwenye viza ya miezi 30 kwa 30, ILR (kibali cha kukaa moja kwa moja) bado. Wakili anasema njia yetu ya kufika ILR ni ya miaka 10. Digrii hii ya kwanza alipata mkopo kwa kanuni ya nusu ya umri, yaani kwa kuwa nusu ya maisha yake ameishi hapa.

Jumatatu nimepiga simu ofisi moja inayoshughulika na haya mambo ya pesa. Wa kwanza kaniambia digrii ya pili haina mkopo, akakata. Nikapiga tena, nikasubiri dakika 50. Wa pili kasema A101 ina mkopo, ila mwaka wa 1 pauni 3,465 za mwanzo tunatoa wenyewe. Hizo nitazitafuta. Nikauliza: mwaka wa 2 basari ya NHS (ufadhili wa masomo wa huduma ya afya ya taifa) inapoingia, mtoto asiye na ILR anaipata? Kasema hilo si lao, akanipa namba nyingine. Inaita tu, haipokelewi.

Swali langu ni hilo moja. Kuna ambaye mtoto wake alikuwa na viza ya muda akapewa basari mwaka wa 2? Sitaki aanze halafu akwame njiani.

Baba Junior, Reading

Pole sana Mama Nasra. Sisi tumeyapitia. Junior aliomba shule 4 (UCAS haikubali zaidi ya 4 za udaktari, nafasi ya 5 weka kozi nyingine), zote zikamkataa. Jibu la nne lilipoingia alijifungia chumbani siku tatu, mama yake anamwekea chakula mlangoni. Mwaka uliofuata alipata moja. Sasa yuko wodini, tunamshukuru Mungu.

Ushauri wangu: asiweke A101 zote, nafasi ni chache na wanaogombea ni wengi. Achanganye na A100, kozi ya kawaida ya udaktari ya miaka 5. Na afanye UCAT na BMAT, mitihani ya kuingilia udaktari, mapema.

Nesi wa Luton

Mama Nasra, pole mum. Hiyo basari usiihesabu, ilifutwa 2017. Nilianza unesi Septemba ya mwaka huo, tukawa kundi la kwanza kusoma kwa mkopo. Deni hilo ninalo hadi leo.

La maana zaidi, ako na kazi ya kuhudumia wagonjwa? Mwambie aingie nyumba ya wazee hata shifti mbili kwa wiki. Kwa usaili wanataka kusikia mtu ambaye amemgeuza mgonjwa kitandani, amemlisha, amekaa na yeye usiku akilia.

Kaka wa Coventry

Jamani, tuhakikishe kabla ya kuandika, mtu atapoteza mwaka mzima kwa ajili yetu.

Dada wa Luton, iliyofutwa 2017 ni ya manesi. Ya udaktari ipo, kwa A101 inaanza mwaka wa 2. Mimi mwenyewe nimesomeshwa nayo, ila nilikuwa na ILR tayari.

Baba Junior, BMAT haipo tena, ya mwisho ilikuwa 2023. Na A100 kwa mwenye digrii haina mkopo wa ada miaka 4 ya kwanza. Wa kujikimu anapata, ada anatoa mfukoni, na 2025/26 ada ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka. Huwezi kumwambia mama wa watu "achanganye" bila kumtajia hilo.

Mama Nasra, kafanya mtihani gani? UCAT ni ya msimu huu tu, GAMSAT inadumu miaka 2. Halafu mbane wakili: tangu Juni 2022 kijana aliyeingia mtoto na kuishi hapa nusu ya umri wake anaweza kuhesabiwa miaka 5, si 10.

Baba Junior, Reading

Kijana, ada ya Junior nimelipa mimi, kwa shifti za usiku ghalani. Nilijua ninachokisema. Kusahihishana sawa, lakini kwa adabu.

Mzee wa Tanga, Milton Keynes

Wanangu, mbona hamuwazi nyumbani? Muhimbili inafundisha madaktari tangu 1963. MD miaka 5, mwaka mmoja wa mazoezi, mtoto ni daktari kamili. Mimi nimezaliwa hospitali ya Bombo, Tanga. Mama alikuwa akisimulia kwamba wodini unasikia bahari, na manesi walimjua kila mzazi kwa mtaa wake. Huku nimelazwa mara mbili, na jirani wa kitanda sikumjua jina.

Nesi wa Luton

Mzee, shikamoo. Hata mimi natamani kurudi. Lakini 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na kiini kilikuwa intani, madaktari walio kwenye mazoezi. Mkataba ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Binamu yangu alikaa nyumbani na digrii yake akingojea kupangiwa hospitali, na wagonjwa wako pale hawana daktari. Hiyo inaniuma kuliko baridi ya hapa.

Kaka wa Coventry

Mzee, shikamoo. Nasra akienda miaka 5 hesabu yake ya makazi inakatika, halafu akitaka kufanya kazi huku aanze na PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje. Baba Junior, samahani kwa lugha yangu. Ila neno la ada silibadilishi.

Mama Nasra, Leicester

Ahsanteni nyote. UCAT alifanya Agosti, GAMSAT Septemba. Nyumba ya wazee yuko mwaka wa pili sasa, na usiku huu yuko shifti. Wakili nitamuona Alhamisi kwa hilo la miaka 5. A100 tumeifuta, hatuna pesa hiyo. Mzee, Nasra naye kazaliwa Bombo.

Basari ya mwaka wa 2 kwa asiye na ILR bado nauliza.

Mzee wa Tanga, Milton Keynes

Bombo! Mwaka gani, mama? Na nyinyi ni wa mtaa gani? Ninayo picha ya pale mbele ya hospitali, upande wa bahari. Mjukuu akija Jumapili atanisaidia kuituma.