Kilwa siku mbili na mzee: Kisiwani na Songo Mnara vyote vinawezekana?

mgeni_kusini: Wakuu, natoka Dar Ijumaa kwa basi, narudi Jumapili. Nafuatana na mama wa miaka 70, miguu inamsumbua. Mashua za kwenda visiwa vya magofu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zinatoka mji wa Kilwa Masoko saa ngapi?

tanga_moja: Usiulize saa, uliza mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kama saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ingawa hayapandi sana. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50, hesabu kuanzia hapo. Kisiwani ni karibu, ila maji yakiwa yametoka mama atashukia topeni. Songo Mnara ndiko watu hukwama: chombo kinabaki mbali, mnakanyaga tope kwenye mikoko. Kwa mama huyo, iache. Na kipindi cha kusi, upepo wa kusini, vukeni mapema, mchana mtalowa.

mwana_mgao: Naongezea. Kabla ya kuongea na nahodha, pitieni ofisi ya magofu pale Masoko, mlipe, mpewe risiti na mwongozaji. Wanaoanza na mashua hurudishwa. Kisiwani, Gereza, yaani ngome ya kale, mtaliona kabla hamjashuka, Msikiti Mkuu hauko mbali. Muulizeni mwongozaji awaonyeshe sehemu zake mbili: ya kaskazini ndiyo kongwe, ile pana iliongezwa karne ya 14 na Sultani Hassan bin Suleiman, yuleyule ambaye msafiri Mmoroko Ibn Battuta alimkuta hapo mwaka 1331. Mama aishie hapo, apumzike kivulini. Husuni Kubwa, magofu ya kasri, ni mwendo wa juani, nenda wewe. Maji ya kunywa bebeni Masoko, lita 2 kila mtu.

tanga_moja: Na msipande kuta kwa ajili ya picha. Ni matumbawe na chokaa kuukuu, jiwe moja likichomoka mengine yanafuata.

bi_kanga: Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi mle. Mama ajifunge kanga, nawe usivae kaptura. Wazee waamkie kwanza, picha uombe baadaye.
Basi la Lindi au Mtwara litawashusha njia panda ya Nangurukuru, hapo mtapata gari dogo la Masoko. Mji wa kale wa Kilwa Kivinje uwekeni Jumapili asubuhi, maana mtakuwa mnarudi njia hiyohiyo: boma la Wajerumani na nyumba za kale, saa mbili zinatosha. Ila kama ni masika, ulizeni barabara kwanza. Mei 2024 ilikatika Somanga, mabasi yakalala njiani.

mgeni_kusini: Nimetazama kalenda, Jumamosi hiyo mwezi utakuwa na siku 8 tangu uandame. Kwa hiyo saa nne?

tanga_moja: Ndiyo, mwezi wa siku 8 ni maji mafu. Saa tatu muwe gatini, risiti mkononi.