GT86 stoki (injini FA20): nikifunga supachaja au tabo itabeba hp ngapi bila kuifungua?

mguu_mzito:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kichwa kinauma. Nina Toyota GT86 ile ya kwanza, injini FA20 lita 2, stoki kabisa (kila kitu cha kiwanda) ukiacha ekzosi ambayo niliikuta imeshabadilishwa. Kiwandani wanasema hp 200 na torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 205. Inavyokata kona naipenda mno ila ukiikanyaga kati ya rpm 3000 na 4500 unaona kabisa imezubaa, afu huko juu ndo inaamka. Nataka kuiongezea pumzi, yani kuisukumia hewa zaidi, kwa supachaja (inazungushwa na mkanda wa injini) au tabo (inazungushwa na moshi wa ekzosi) sijaamua, ila sitaki kufungua injini, yani pistoni na konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na krankishafti) zibaki zilezile za kiwanda. Shida kila nikiuliza napewa namba yake, huyu anasema usivuke 250, yule anasema 300 haina neno, kuna jamaa nimemuona kwenye video yuko 400 na anacheka tu. Gari natumia kila siku na mojamoja napeleka traki. Namba ya kweli ni ngapi jamani?

jay_busti:
300 mbona ya watoto hiyo mkuu. Watu wanapiga 600 kwenye 2JZ, ile injini ya Toyota Supra, bloki stoki, konrodi stoki. Funga tabo kubwa ufurahie maisha.

Silinda_ya_Tatu:
Jay usimpoteze mwenzio. 2JZ-GTE ni lita 3, silinda sita, bloki la chuma, kompresheni (kiasi pistoni inavyobana hewa) 8.5 kwa 1, na imezaliwa na tabo mbili. Tena ni ya enzi zile watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari linalozidi hp 280, kuanzia 1989 mpaka 2004, kwahiyo injini za wakati ule nyingi ziliachiwa nafasi kubwa ndani ambayo karatasi haikuionyesha. FA20 ya kwenye GT86 ni kitu kingine kabisa: bloki la alumini, haina tabo, kompresheni 12.5 kwa 1, na tayari inatoa hp 100 kwa kila lita bila kusaidiwa na mtu. Ile akiba unayoitafuta kiwanda kimeshaila sehemu kubwa.

Sasa mguu_mzito, swali lako ni zuri ila umeuliza hp, na konrodi haijui hp ni nini. Konrodi inajua presha inayoigandamiza kutoka juu kila mafuta yakilipuka, na hiyo presha kwako wewe inaonekana kama torki. Piga hesabu: hp ni torki ya Nm mara rpm, gawanya kwa 7121. Ukitaka 300 kwenye rpm 7000 unahitaji kama Nm 305. Ukitaka hizohizo 300 kwenye rpm 4500 unahitaji kama Nm 475! Namba moja kwenye karatasi, lakini ya pili konrodi inabebeshwa zaidi ya mara mbili ya Nm 205 alizopangiwa, tena chini huko ambako pistoni inashuka taratibu na ile presha inapata muda wote wa kuikunja. Ndo maana unasikia mmoja yuko 300 anadunda na mwingine kwa 270 konrodi imetoka nje kupitia ubavu wa bloki, wote wanasema kweli.

Kwahiyo kwa wewe usiyetaka kufungua injini, mimi naegemea supachaja ya sentrifuga (ile yenye umbo kama konokono wa tabo ila inazungushwa na mkanda). Busti yake (presha ya hewa inayosukumwa) inapanda pamoja na rpm, chini inakupa kidogo, juu inakupa yote, torki inapanda kistaarabu. Tabo ndogo inajaa mapema, kwenye 3500 inakupiga mgongoni na utaipenda sana, ila hapohapo ndo inapoua konrodi. Haina maana tabo haifai. Inafaa, ila anayekutyunia awe anajua kuibana busti huku chini kwa kutumia kompyuta na asitafute sifa ya grafu nzuri.

Na huko juu napo kuna mtego wake, usije ukasema basi nitaongeza rpm nipate hp bila torki. Nguvu inayoivuta konrodi pistoni ikigeuka juu inakua kwa mraba wa rpm. Ukitoka 7400 ya kiwanda ukaenda 8000 umeongeza kama asilimia 17 ya mvuto, na boliti zake ni zilezile. Acha rpm ya kiwanda ilivyo.

mguu_mzito:
Aisee nimeelewa hapo kwenye hesabu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ila mkuu bado hujanipa namba 😅

MamaPistoni:
Kabla hujapewa namba uliza kwanza ni ya wapi. Hp 200 za kiwanda zinapimwa kwenye krankishafti, ukipanda kwenye mashine ya kupimia nguvu inasoma kwenye matairi na GT86 stoki itasoma kama 165 hadi 170, nyingine zimepotelea njiani kwenye giaboksi na difu. Nusu ya ubishi wa hizi namba ni watu wawili mmoja anasema krank mwingine anasema matairi. Mashine zenyewe nazo hazisomi sawa, kuna zingine zina huruma sana.

Mimi ningekuambia 300 ya krank, yani kama 255 hadi 260 kwenye matairi, torki ya matairi isivuke sana Nm 270, halafu uishie hapo. Wapo waliovuka na bado wanatembea, lakini ukipita 300 za kwenye matairi na konrodi za kiwanda hiyo sio gari ya kila siku tena, unaishi kwa kuomba. Na hata hiyo 300 ya krank ina masharti, kubwa ni injini isigonge.

Kugonga ndo kunaua zaidi ya busti. Kompresheni 12.5 ukaongeza na psi 7 juu yake, hewa ndani ya silinda inakuwa ya moto sana, na mafuta yakiwa ya oktane ndogo au taimingi (wakati plagi inapowasha) ikiwa mbele kupita kiasi yanalipuka yenyewe sehemu isiyotakiwa, yanakutana na moto wa plagi, presha inaruka ghafla. Hapo unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, au unakunja konrodi. Na gari linaweza kuwa linavuta vizuri tu mpaka dakika ileile. Kwahiyo kipoza hewa cha maana ni lazima hata kama kit inasema unaweza kuanza bila nacho, mchanganyiko uwe na mafuta ya kutosha ukikanyaga mwisho (lambda, yani kipimo cha hewa kwa mafuta, ya kama 0.80 hivi), taimingi irudishwe nyuma, na mtu anayetyuni awe anaangalia sensa ya kugonga sio anaangalia namba ya hp tu ipigiwe picha. Ukisafiri na unajua utakuta mafuta mabovu, omba akutengenezee na ramani ya pili (mpangilio wa kompyuta ya injini) yenye busti ndogo.

jay_busti:
Dada si aweke tu ethanoli E85, kugonga kwisha, anapiga hata 350

MamaPistoni:
Mdogo wangu E85 inatibu kugonga, hilo nakupa. Haitibu konrodi. Presha ya Nm 400 ni ileile iwe umechoma petroli au ethanoli, tena kwasababu haigongi utashawishika kuongeza. Na inakunywa, unahitaji kama asilimia 30 zaidi ya mafuta, nozeli na pampu za kiwanda zikiwa zinafanya kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake utaanza kukosa mafuta huko juu, na injini yenye busti ikikosa mafuta kwenye rpm 7000 unajua kinachofuata.

boxa4:
Mazito mmeshamaliza, naongeza ya traki maana naona amesema anaenda na watu wengi wanaisahau. Mbio fupi za barabarani na dakika 20 za traki ni vitu viwili tofauti. FA20 hata stoki oili yake inapanda joto vibaya sana ukiwa traki siku ya jua, unaikuta 120 na inaendelea, ukiongeza hp 100 hilo joto litapotelea wapi? Funga kipoza oili kabla ya supachaja, sio baada. Oili badilisha mapema na usiiache ipungue, kwenye kona ndefu kiwango kikiwa chini unaanza kula beringi, na hiyo wala haina uhusiano na hp ngapi umeweka.

Pia plagi weka za baridi zaidi hatua moja na upunguze mwanya kidogo, busti huwa inapuliza cheche inazimika, gari linakatakata unadhani nozeli kumbe plagi. Na kabla ya yote pima kompresheni ya silinda zote nne na upime kama kuna zinazovujisha. Ikiwa moja iko chini ya wenzake zaidi ya asilimia 10 hiyo injini usiiguse na busti kabisa, hata ya psi 5.

mguu_mzito:
Sawa wakuu, basi nimeenda na supachaja ya sentrifuga, 255 za matairi na nasimama hapo, naanza na kupima kompresheni na kipoza oili. La mwisho: ikishafungwa kuna namna ya kuiendesha ya kuepuka? Na klachi ya kiwanda itashika?

Silinda_ya_Tatu:
Kuendesha: usikanyage mwisho ukiwa gia ya sita na rpm 2500. Shusha gia kwanza, afu kanyaga. Na injini ikiwa baridi usiguse busti, sio mpaka maji yapate moto tu, subiri oili, inachelewa kuliko maji.

Klachi itashika mwanzoni kama bado ni nzima maana torki yako inakuja taratibu, ila imepangiwa Nm 205 usitegemee miujiza. Itakuambia yenyewe ukiwa gia ya nne au ya tano, utaona rpm zinapanda na gari halisogei. Ukiona hivyo toa mguu hapohapo na uagize nyingine, ukiendelea kuilazimisha inaunguza na flaiwili.